Mtamba Mzima Hana Fomu

Jumatatu niliingia ofisi ya mifugo hapa Karatu kuulizia kazi, maana digrii yangu ya sayansi imeanza kuota ukungu. Mbele yangu alisimama mzee wa Kimaasai kutoka Enguserosambu. Mtamba wake alikuwa nje, ameshapimwa damu, na mzee alitaka kibali cha kupita naye kwenye kizuizi cha mifugo barabarani, amfikishe kwa wakwe wa mwanawe kabla ya harusi kesho.

"Majibu negative, mzee. Hana homa ya ndigana, hana chochote," karani akasema bila kuinua kichwa.

"Ashe, asante! Basi nipe karatasi."

Karani akamwonyesha fomu kwa ncha ya kalamu. "Hapa panaandikwa ugonjwa uliopatikana. Wa mtamba wako haukupatikana. Niandike nini?"

"Andika hakuna."

"Hakuna si ugonjwa, mzee. Na fomu yenye pengo haigongwi muhuri."

Kiherehere changu kikanituma niseme kwamba kupima na kukosa kitu nako ni jibu, that is science, my friend. Karani akanitazama viatu. "Wewe unafanya kazi wapi?"

Nikarudi nyuma ya mzee.

Mzee akaegemea fimbo yake, akafikiri, kisha akainama mezani kwa adabu. "Ero, kijana, basi mwandikie hata kaugonjwa kadogo, tupite."

Karani akaandika "mafua", akagonga muhuri kwa furaha. Mtamba mzima akapata ruhusa ya kusafiri kwa sababu anaumwa.

Ikafika zamu yangu. Karani akavuta fomu ya maombi. "Uzoefu wa kazi?"

"Hakuna," nikasema. Kalamu ikasimama hewani.

"Basi andika mafua," nikamwambia.