Jina la Wekesa kwenye Maktaba ya Namba

Siku yangu ya kwanza kazini, chuoni Nakuru, Mkuu wa Idara alinipeleka kwa mwanamume aliyeinamia kompyuta. "Mwalimu Wanjiru, huyu ni Wekesa. Akiwa anazidisha usimsemeshe." Nilicheka. Kumbe kuzidisha ndiko kungetuzeesha sote wawili.

Vijana, namba zetu hazikuwa za sokoni. Moja tu ingejaza kurasa kadhaa. Ukizizidisha kwa njia ya darasani, hata kompyuta huchoka. Wekesa, mjukuu wa fundi wa reli, aliandika programu ya kuzikatakata, kuzidisha vipande, kisha kuviunganisha. Mimi niliandika sehemu ya kupima namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na zenyewe. Kufuli za siri za simu na benki huzitegemea.

Tuliziweka pamoja zikawa maktaba, yaani programu zilizo tayari ambazo mtengenezaji mwingine huazima badala ya kuanza upya. Tuliiacha wazi: soma, tumia, rekebisha. Leseni ilikuwa na sharti moja, majina ya waandishi yasifutwe.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Naivasha. Mkuu mpya akamwambia Wekesa hiyo kazi haina faida. Wekesa akaendelea nayo nyumbani, mgonjwa, akijibu maswali ya watumiaji asiowajua, mpaka alipofariki.

Mwaka uliofuata, kampuni moja ilizindua programu yake ya kulinda siri za benki hotelini Nakuru. Nilikwenda na mjane wa Wekesa, Mama Nafula. Mkurugenzi akatangaza, "Tumeijenga wenyewe, kutoka mwanzo kabisa!" Watu wakapiga makofi.

Kesho yake niliifungua programu ile na kuyasoma maandishi yake ya ndani. Ilikuwa yetu, mstari kwa mstari. Hata onyo aliloliandika Wekesa katikati ya mistari walikuwa wameliacha: "Pole pole hapa, kuna shimo." Jina lake tu ndilo walilofuta.

Nilikwenda ofisini kwa mkurugenzi.

"Mathe, si ni ya bure?" aliniuliza, kana kwamba mimi ni mama yake.

"Ni ya bure. Mlichoiba ni jina."

"Sawa, wewe tutakupatia cheti."

"Mimi niko hai! Naongea juu ya Wekesa!"

Akaangalia simu yake. Nikatoka bila kuaga. Nikaweka maandishi yao na yetu bega kwa bega kwenye ukurasa ambapo watumiaji wa maktaba hujadiliana. Wakasoma, wakawaka. Wateja wa kampuni wakaanza kuuliza maswali, na haukupita muda jina likarudi, likiwa na maneno "kwa hisani yetu." Nikawaandikia tena: ondoeni hisani. Wakaiondoa.

Nilimpelekea Mama Nafula laptopu, akagusa jina la mumewe kwa kidole. "Mwalimu, wameomba msamaha?"

"Hapana."

"Basi usiwasalimie."

Sasa nimestaafu, nalima viazi Dundori. Wanangu husema nisamehe, hasira haifai umri huu. Mwezi jana nilikutana na yule mkurugenzi mjini. Akanyoosha mkono, akitabasamu, "Mwalimu, habari za siku nyingi?"

Nikapita.