Mama mkwe alimnyima mwanangu wali wa frigo

(Mama huyu ametuomba tulifiche jina lake. Maneno ni yake mwenyewe.)

Nina miaka ishirini na tisa. Nilizaliwa upande wa Wamaza, nikaolewa hapa Kasongo. Mume wangu yuko migodini, anarudi mara moja kwa mwaka.

Napika kwa mfanyabiashara mmoja Muhindi. Biriani yao ina nyama, dengu na maziwa ya mgando. Inayobaki huwekwa baridini kwenye frigo ya petroli, na mke wake hunipa niende nayo nyumbani.

Mwaka juzi binti yangu wa miaka miwili alianza kuvimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Muganga wa dispanseri alinieleza kwamba ugali wa muhogo mtupu unashibisha tu, haujengi mwili. Mtoto anataka nyama na dengu. Nikamuuliza kuhusu ule wali wa biriani. Akasema nipashe moto vizuri, baridi haiondoi nguvu yake.

Basi kila adhuhuri nilimpelekea mama mkwe, aliyekuwa akibaki na mtoto, sahani iliyojaa, nikarudi kazini. Aliniambia anamlisha. Mtoto alizidi kuvimba, akafa.

Kwenye matanga jirani alininong'oneza kwamba wali ule waliula watoto wa wifi yangu. Nilipomuuliza mama mkwe, hakukana.

"Chakula ya baridi ni chakula ya maiti," alisema. "Ningemupa mutoto mugonjwa?"

Wale wajukuu wengine walikuwa wamenenepa.

Sasa macho yamemwishia, haoni; wifi amehamia Kabambare, na mama mkwe anakula kutoka mkononi mwangu. Nampa ugali wa muhogo na maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Biriani naila karibu yake, asikie harufu ya iliki. Anameza mate, haombi. Siku nilipobonyeza mguu wake kidole kikaacha shimo, nilifurahi. Sidanganyi.

Juma lililopita muganga yule alipita, akamuuliza mama mkwe anakula nini. Nilingoja anishtaki. Aligeuza uso upande niliposimama, akasema taratibu, "Mukwe wangu ananilisha vizuri."

Tangu siku hiyo wali haupiti kooni mwangu. Lakini nikikumbuka miguu ya binti yangu, hasira inarudi yote. Mume wangu anafika mwezi ujao. Ndugu wasomaji, nishaurini: nimlishe, au nimwache avimbe?