Uji wa Kwanza

Nilizaliwa katika kijiji cha Mnyambe, Newala, mtoto wa nne kwa mama yangu na wa kwanza kuishi. Walionitangulia walikuwa watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Makaburi yao yalikuwa nyuma ya nyumba, karibu na mikorosho, mafupi kiasi kwamba mgeni angedhani ni matuta ya viazi. Sikukatazwa kucheza pale. Nilikatazwa kumtaja bibi, mama yake mama.

Habari zake nilizipata vipande vipande, nyingine kwa shangazi, nyingine kwa kusikiliza watu wakubwa waliodhani nimelala mchana. Kila mtoto alizaliwa mzima. Alinyonya, akanenepa, akacheka. Alipofika miezi sita hivi na kuanza kuketi, bibi alikuja kutoka Chilangala na unga wake wa mtama, akakoroga uji wa kwanza na kumlisha mjukuu kwa mkono wake. Ndiyo ilikuwa desturi ya kwao. Wiki chache baadaye vidole vya mtoto vilivimba, macho yakawa ya njano, na kilio chake kikawa hakitulizwi kwa ziwa wala kwa kubebwa. Hakuna aliyefikisha miaka mitatu.

Alipozikwa wa tatu, wazee wa ukoo walikaa. Wakasema bibi anakula wajukuu, anawalisha kitu kwenye uji. Akaamriwa aondoke. Alikwenda Chiwata, upande wa Masasi, akapokewa na mwanamke mmoja waliyejuana tangu usichana.

Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Hakuna aliyekuja na unga. Nikaishi.

Watu waliofika nyumbani walinishika kidevu na kusema, "Mnaona? Kaondoka yule, huyu kapona." Nilicheka nao, maana mtoto akisifiwa hucheka. Nilikuwa mkubwa kidogo nilipoelewa kwamba kila siku niliyoamka mzima ilikuwa inamtia hatiani mwanamke nisiyemjua.

Nilimwona mara moja tu. Nilikuwa darasa la pili, tunatoka sokoni Newala, mama mbele na mimi nyuma na kifurushi cha chumvi. Mwanamke mzee alikuwa amesimama kando ya njia. Alikuwa mwembamba, na mikono yake ameiweka nyuma ya mgongo.

"Shikamoo," nikamwamkia, kama nilivyofunzwa.

"Marahaba, mama yangu," akasema. "Unajua kusoma?"

Kabla sijajibu, mama alinivuta kwa nguvu hata chumvi ikamwagika. Hakuangalia nyuma. Tulipofika nyumbani alinivua nguo zote akanisugua kwa majani na maji. Sikuuliza yule ni nani. Bibi alifariki nikiwa shule ya bweni, na sikwenda mazikoni. Hakuna aliyekwenda.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Newala. Nikaolewa na mwalimu mwenzangu, mtu wa Masasi. Kila mwaka nilisimama mbele ya kidato cha nne nikafundisha kromosomu na jeni, na namna badiliko dogo mno katika jeni moja linavyoweza kupinda chembe za damu zikawa kama mundu. Nilichora ubaoni baba na mama, wote wanaibeba jeni hiyo bila kuumwa, na chini yao watoto. Nilisahihisha mitihani, nikatoa maksi. Miaka sita nilifundisha somo la selimundu, na sikuwahi hata siku moja kuwaona kaka zangu na dada yangu kwenye ule ubao. Jambo hili linanisumbua kuliko mengine yote. Elimu ilikaa chumba kimoja, makaburi yakakaa kingine, na mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Binti yetu alipofika miezi minane ilikuwa Julai, wakati wa ule ukungu wa uwanda wetu wa juu ambao hauondoki hadi saa nne asubuhi. Nilimvua soksi nimwogeshe, nikakuta vidole vya miguu vimejaa kama vya mtu mwingine. Mikono pia. Nilipomgusa alipiga kelele, na mimi nikasimama na beseni mkononi.

Tulimpeleka hospitali Masasi. Wakachukua damu yake, kisha yetu. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, alituweka chini akatueleza kwamba mtoto ana selimundu, na kwamba mimi na mume wangu sote tunaibeba jeni yake.

"Lakini alikuwa mzima kabisa," mume wangu akasema. "Miezi yote hii!"

"Ndivyo inavyokuwa, baba. Mtoto akiwa tumboni, na miezi ya mwanzo, damu yake inategemea jeni nyingine, na hiyo inamlinda. Halafu hiyo inazimika taratibu, ile ya ukubwani inawaka. Kama ameirithi mbovu kwenu wote wawili, ndipo ugonjwa unajitokeza. Kwa kawaida miezi sita hivi, saba."

"Wakati wa kuanza uji," nikasema.

"Eeh, kama wakati huo," akajibu, huku anaandika.

Sikumsikia tena. Nilikuwa nawaona wazee wamekaa, na mwanamke mwembamba mbele yao akihesabiwa miezi.

Mama alikuja Newala siku ya pili baada ya kurudi kwetu. Aliifunua khanga aliyofunikwa mtoto, akaangalia mikono ya mjukuu wake, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Amekuja," akasema. "Kafa na bado amekuja. Nani kampa uji huyu mtoto?"

"Mimi, mama. Nimempa mimi mwenyewe."

"Mwingine nani?"

"Hakuna mwingine. Kaa, nikueleze."

Nilichukua mbaazi kutoka kwenye ungo, nyeupe na nyekundu. Nikamweleza kwamba kila mtu hupewa mbili, moja ya baba na moja ya mama. Yeye alikuwa na nyeupe moja na nyekundu moja, na marehemu baba vilevile. Wanangu waliopewa nyekundu mbili ndio wanaoumwa hivi, nikasema, kisha nikajisahihisha: watoto wako. Aliyepewa moja hana shida, ila anaibeba.

Alizigusa mbaazi kwa muda mrefu.

"Na wewe ulipona kwa nini?"

"Nilipata nyekundu moja tu. Bahati. Hata bibi angenilisha uji wake kila siku, ningeishi."

"Kwa hiyo ni mimi na baba yako."

"Hamkujua, mama. Si kosa la mtu."

"Na yeye?"

Hapa ningeweza kumdanganya. "Huenda ilipitia kwake, huenda kwa babu. Kama ni kwake, ilipita tu, kama ilivyopita kwangu. Hakufanya kitu."

Mama alizirudisha mbaazi kwenye ungo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Wazee hawakuwa na habari ya uji. Mimi ndiye niliyewaambia."

Siku tatu hakula chochote zaidi ya chai. Siku ya nne akavaa khanga mpya akaniambia twende Chiwata.

Yule mwanamke aliyempokea bibi bado alikuwa hai, kikongwe, macho yamefifia, lakini maneno yake yamenyooka. Tulipojitambulisha alituonyesha pa kukaa. Halafu akaanza kusimulia, akimwelekea mama.

"Mama yako alikuwa akiuliza kila mtu atokaye Newala: binti yangu kazaa? Mtoto yupo? Siku aliposikia kwamba wa nne ametembea, kakimbia, kafikisha miaka minne, alipiga vigelegele hapa uani peke yake. Nami nikafurahi naye. Lakini tangu siku hiyo akabadilika. Akawa hashiki tena wajukuu zangu. Nikimpa mtoto, anaweka mikono nyuma. Nikamuuliza, mwenzangu una nini? Akasema, 'Labda ni kweli. Nimeondoka, mtoto kapona. Labda kuna kitu kinatoka kwangu na mimi sijui.' Nikamwambia acha maneno hayo. Hakuacha. Alikufa anaamini hivyo."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Mimi nilikuwa nimeshika meza. Ukoo wote kumhukumu, hilo nilikuwa nimelijua maisha yangu yote. Sikujua kwamba mimi, kwa kuishi tu, ndiye niliyemshawishi akubali.

Tulionyeshwa kaburi nyuma ya shamba la muhogo. Lilikuwa limetunzwa, limefagiliwa. Mama alipiga magoti akazungumza kwa Kimakonde kwa muda, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Niliyoyasikia siwezi kuyaandika. Nilipojaribu kumwinua alinisukuma mkono.

Tuliporudi, mama aliomba jambo moja. Mume wangu alikubali bila kuuliza, na mtoto akabadilishwa jina, akapewa la bibi, jina ambalo halikuwa limetamkwa nyumbani kwetu tangu kabla sijazaliwa.

Sasa yuko darasa la pili. Anakunywa dawa zake kila siku, anakunywa maji mengi, na Julai anavaa sweta mbili hata wenzake wakimcheka. Mara nyingine maumivu yanakuja, na siku hizo mimi na baba yake hatusemeshani, kila mmoja anatafuta kazi ya kufanya. Mtoto wa pili hatujapata. Tunaijua hesabu yake, nafasi moja kati ya nne ya kuumwa, na kila tukitaka kuizungumza mmoja wetu hutoka nje.

Mama anaishi nasi, na yeye ndiye anayempeleka kliniki Masasi. Mwezi uliopita nilifuatana nao. Tulikaa kwenye benchi na akina mama wengine, mtoto amelala begani kwangu. Muuguzi akatoka na faili, akaliita lile jina kwa sauti kubwa, na kabla mwanangu hajafumbua macho, mama alikuwa amekwisha kusimama, anaitazama njia ya kuingilia, kama aliyeitwa angetokea huko.