Doa Jeupe

Shangazi yangu Penina amefua vitambaa vya altare vya usharika wetu, huku mlimani Meru, kwa miaka thelathini. Ukimpelekea kitambaa chenye doa, kwanza atakuuliza limeingia lini, na ole wako ukisema wiki iliyopita. "Doa halisubiri Jumapili!" atakufokea.

Mwezi uliopita alikutwa na uvimbe mdogo wa saratani titini. Nikampeleka hospitali mjini Arusha, akatundikiwa dripu ya dawa yenye chembechembe za chuma, ndogo mno hata jicho halizioni. Kesho yake akapigwa picha kwenye mashine ya sumaku.

Daktari Twahira, binti mpole, alimwamkia shikamoo, kisha akatuonyesha picha ya tezi za kwapani. Zote zilikuwa nyeusi kama masizi, isipokuwa moja iliyong'aa.

"Afadhali hiyo moja ni safi," shangazi akasema.

"Hapana, mama," daktari akajibu taratibu. "Tezi yenye afya hunyonya kile chuma ikawa nyeusi. Hiyo nyeupe imekikataa. Inaelekea saratani imeanza kuingia hapo, ila tumeiwahi."

Mimi niliinamisha kichwa. Shangazi alivaa miwani, akaisogelea picha na kuikagua kama anavyokagua kitambaa juani.

"Tangu nizaliwe sijaona doa jeupe," alisema. "Limeingia lini?"

"Si zamani, mama."

Akavua miwani.

"Sasa mnasubiri Jumapili ipi?"