Mkonga wa Ndovu

Juzi mjukuu wangu alipasua pakiti ya bisi ubavuni mwangu, na ile harufu ya mahindi yaliyokaangwa kwa chumvi ikanitoa machozi. Akadhani jino linaniuma. Kumbe mwenzenu nilikuwa nimerudi Bagamoyo, nina miaka minane, nimekaa chini kando ya kitanda cha mjomba wangu, Shomari.

Enzi hizo bisi za pakiti zililetwa dukani kutoka Dar es Salaam, na kila pakiti ilikuwa na kipande cha plastiki ndani. Ukipata vipande saba ukavipachika sawasawa, unapata ndovu. Sisi watoto tulivichoka upesi. Aliyenogewa ni mjomba, fundi wa kuchonga milango, mtu mzima na ndevu zake! Maradhi ya kifua yalipomlaza, alinituma bisi kila siku. Mie nikila bisi, yeye akichukua kipande.

"Mama anasema utatuacha," nilimwambia siku moja.

"Aa! Siendi popote, mwanangu, mpaka nimmalize ndovu huyu," akajibu, akicheka na kukohoa.

Maskini mimi, nikaamini. Siku ulipotoka mkonga, kipande cha mwisho, niliufumua upindo wa gauni langu nikauficha humo. Kila asubuhi akaniuliza, "Leo je, mkonga?" Nami, bila hata kupepesa macho, "Haumo, mjomba."

Akafa vivyo hivyo, ndovu wake hana mkonga.

Nilikuwa ndani na wanawake, mkekani. Kabla jeneza halijainuliwa tulimsikia baba barazani: "Mwenye kitu cha marehemu mkononi mwake, aseme sasa." Wallahi nilitaka kusema. Nikafungua mdomo, mkaza mjomba akadhani nalia, akanikumbatia kifuani. Jeneza likaondoka.

Walipokung'uta godoro lake kilianguka kijiti kidogo. Alikuwa ameanza kuuchonga mkonga mwenyewe, kwa mikono ile iliyokuwa ikitetemeka hata kushika kikombe. Alifika nusu.

Nilidhani namzuia asiende. Leo nimempita umri, na najua kwamba safari yake alishaijua zamani. Alichotaka ni kumaliza kitu kimoja tu kwanza, na mimi nilikuwa nimekishonea kwenye gauni. Naumia mpaka kesho.

Mikonga yote miwili ninayo. Mjukuu wangu aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ale bisi zake.