Gari la Baba na Ng'ombe wa Mahari

Mwezi wa kumi wa Mpanda haufai kwa harusi. Mvua bado, majani yameungua, na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari. Miaka ile ya tisini mwanzoni, bado tukiwa chini ya Rukwa, watu wazima wenye akili zao walikaa kikao wakauchagua mwezi huo huo kunioza. Nilisema tusubiri mvua. Wakasema mvua ikianza njia ya Mwamkulu haipitiki, na wakwe watakwama huko na ng'ombe wao mpaka masika yaishe. Basi nikanyamaza, ingawa kunyamaza si kipaji changu.

Baba yangu alikuwa fundi magari. Gereji yake ilikuwa uani kwetu: nguzo za mninga, mabati juu, mabati pande tatu. Miaka yote alifufua magari ya watu na yeye akaenda kwa baiskeli. Mwishowe akaanza kujiundia la kwake. Lilikuwa Pijo kwa jina, maana bodi aliitoa kwenye gari moja lililopinduka njia ya Sumbawanga, milango akaipata kwenye jingine, na injini akainunua ikiwa vipande ndani ya gunia. Watu walipita pale wakimuuliza kama mtoto ameanza kutambaa. Baba aliendelea kukaza nati. Alishasema kwamba gari lile safari yake ya kwanza ni kunipeleka mimi kanisani.

Wakwe zangu ni Wasukuma wa Mwamkulu, watu wa ng'ombe na mpunga, na jambo la nusunusu hawalijui. Walikuja kwenye kikao wakiwa wameshakodi Landrova. Baba akasimama akasema mtoto wake atatoka nyumbani kwake kwa gari lake. Palizuka mjadala mrefu mpaka chai ikapoa. Mjomba wa mchumba wangu, aliyekuwa msemaji wao, mtu mpole sana, akatafuta njia ya katikati: gari la bibi harusi lazima liwe la kutazamika, hivyo asubuhi ya harusi wataliangalia. Likifaa, sawa. Lisipofaa, Landrova itakuwa imesimama mlangoni. Baba akakubali hapo hapo, na mimi nikatamani kumkanyaga mguu.

Walipoondoka alinifuata jikoni. Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Mama," akasema, "nimewapeleka wake za watu hospitali, nimewapeleka maiti zao makaburini, yote kwa magari yao. Na mimi nataka kumpeleka mtu wangu kwa gari langu. Mara moja tu."

Sikuwa nimewahi kumsikia baba akitaka kitu. Tangu hapo gauni na keki havikunihusu tena, nikawa na shida moja tu: Pijo ling'ae.

Rangi ya bluu lilishapakwa wiki ile. Kilichobaki ni kuling'arisha, na kazi hiyo kwetu ilikuwa yangu tangu niko shule ya msingi. Macho ya baba yaliharibiwa na kuchomelea. Njia aliiona, watu aliwaona, lakini ukimwonyesha bati lililong'aa na bati lililofifia, kwake yote sawa. Kwa hiyo siku moja kabla ya ndoa yangu, wakati mabibi harusi wengine wanasuguliwa miguu chumbani, mimi nilikuwa gerejini na ovaroli ya baba, nimekunja mikono na miguu yake.

Sikufika pale mapema, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Nilitaka kuanza alfajiri, bati likiwa bado la baridi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akaniwekea kiti mlangoni akakikalia yeye. Alikuwa na mafunzo ya kunipa. Alinifundisha namna ya kumwamkia baba mkwe, namna ya kupokea kibuyu, namna ya kunyamaza, na somo la kunyamaza ndilo lilikuwa refu kuliko yote. Nilipofanikiwa kumtoroka ilikuwa saa tano na jua limeshashika kazi. Akanifuata mpaka gerejini na mwavuli, akasimama chini ya bati kanifunulia mwavuli kichwani, eti nisije nikaungua. Chini ya bati, jamani.

Asiyewahi kufanya kazi chini ya bati mwezi wa kumi asiniambie habari za joto. Linatoka juu, linatoka kwenye kuta, linatoka kwenye gari lenyewe. Spana ukiiokota unaitupa. Jasho lilinitoka hata kwenye kope, na nikijifuta, ile mikono yenye grisi inanipaka uso mzima. Shangazi akawa anasikitika kwa sauti kwamba kesho watapewa bibi harusi mwenye rangi mbili.

Tulikuwa tunang'arishia nta. Polishi ya kopo ilikuwa adimu Mpanda, na ukiipata imeshakauka kama udongo. Sisi Wakonongo nta hatukosi, baba zetu ni watu wa mizinga. Baba aliiyeyusha na mafuta ya taa, akaiacha igande kwenye kopo la samli, na miezi ya baridi ilikuwa inatoa gari kama limetoka dukani. Lakini nta inataka bati la baridi. Nilipoipaka boneti ile ikayeyuka, ikatiririka, kisha ikashika. Nikifuta, inaburuzika. Nikikazana, tambara linaacha nyuzi, na vumbi linakuja kukaa juu ya nyuzi. Nyuki nao wakaisikia harufu ya kwao wakaja kuangalia. Nilisugua boneti moja mpaka bega likafa ganzi, na ilikuwa mbaya kuliko nilipoanza. Nikalitupa tambara, nikasema maneno ambayo shangazi alikuwa ametoka kunikataza.

Baba akaniambia nipumzike kidogo. Nikamuuliza nipumzike wapi, ndani ya injini?

Hakukasirika. Alizunguka gari mara moja, akalishikashika, akasema dawa ni kulipoza. Akaenda kwa jirani mwenye duka akarudi na magunia matupu begani. Tukayalowesha kwenye pipa, tukayatandaza juu ya boneti, juu ya paa, tukayaning'iniza milangoni. Bati likalia, mvuke ukapanda. Yakikauka tunayalowesha tena. Maji yenyewe yalikuwa ya kuletwa na baiskeli, bomba lilishakufa tangu mwezi wa nane, na kila dumu tulilomimina wapishi walitutazama kwa jicho baya. Lakini joto lilishuka. Niliweka shavu langu juu ya gunia lile bichi, kwa mara ya kwanza siku ile nikajisikia mtu. Midomo ilikuwa na chumvi. Nikadhani jasho.

Alasiri jua lilipoegemea, bati likawa baridi. Tulipotoa magunia, yalikuwa yameacha weupe mwembamba juu ya rangi. Maji ya kusuuzia hayakuwepo, pipa lilikuwa limebaki tope. Nikaufuta weupe ule na tambara kavu, nikapaka nta, na safari hii ikakaa. Loo, ikakaa! Nilisugua paneli moja baada ya nyingine na sikusikia tena bega. Baba akasimama karibu, akaniuliza naona nini.

"Najiona mimi," nikamwambia. "Namwona na shangazi na mwavuli wake."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Tukalisukuma gari nje ya gereji, katikati ya ua, lipigwe na upepo wa jioni nta ikaze. Shangazi mwenyewe akakubali kwamba linatazamika.

Hapo vigelegele vikapigwa barabarani. Ng'ombe wa mwisho wa mahari walikuwa wanafika kutoka Mwamkulu, wametembea na jua siku nzima, na mbele yao yule mjomba mpole na fimbo yake. Wanawake wakatoka na kanga kuwapokea. Mimi sikutakiwa kuonekana, nikajibanza nyuma ya mlango wa jiko. Ng'ombe wakaingia uani. Yule wa mbele akasimama, akainua pua. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye Pijo, akatoa ulimi akalamba boneti.

Wa pili akaja akalamba mlango. Halafu wakaja wote.

Magunia yale yalikuwa ya chumvi ya Uvinza. Duka lile liliuza chumvi, gunia lake lingekuwa la nini? Mtoto wa Msukuma wa miaka mitano angejua. Sisi hatukujua, sisi ng'ombe tulimzoea akiwa kwenye sufuria. Tulilichovya gari zima kwenye chumvi, tukaling'arisha, tukaliweka mlangoni kungojea wageni.

Nilitoka nyuma ya mlango na mpini wa jembe. Sikukumbuka ovaroli, sikukumbuka kwamba mimi ni bibi harusi. Shangazi alinidaka kiunoni, na mwanamke yule ana nguvu. Alinishika huku akiniambia sikioni kwamba ng'ombe wa mahari hapigwi mlangoni kwa binti, ukimpiga umewapiga waliomleta, na ndoa imeishia hapo. Nikampigia kelele baba awafukuze yeye. Baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye gari lake, mikono imening'inia.

"Waache, mama," akasema. "Hao wamekuja kwa heshima yako."

Nitasema kweli, saa ile nilimchukia. Nilimchukia baba na upole wake, nikamchukia shangazi, nikamchukia mwanamume niliyekuwa ninampenda, kwa kosa la kuzaliwa kwenye ng'ombe. Wachunga ng'ombe walijitahidi, walipiga miluzi, waliwavuta mikia, lakini ng'ombe aliyekosa chumvi kiangazi kizima habanduki. Ulimi wake ni msasa. Mjomba alipofanikiwa kuwaondoa, nta ilikuwa imekwisha na rangi mpya, ambayo haijakomaa, ilikuwa imekwaruzika mistari mistari. Kwenye milango ilitokeza rangi ya zamani ya kijani, kwenye boneti nyeupe. Lile gari la vipande lilirudi kuwa vipande mbele ya wakwe.

Mjomba aliomba radhi kwa uchungu wa kweli. Baba akamwambia si kitu, karibuni maji. Maji gani? Tulikuwa tumeyamwagia gari. Baada ya wageni kupelekwa kwenye mkeka, nilimwona baba akipitisha kiganja juu ya boneti, taratibu, toka taa hadi kioo. Macho hayakuona ila kiganja kiliona. Nikamwambia nitaanza upya, nipewe tu maji. Akasema nta imekwisha na mimi nimekwisha, nikaoge.

Asubuhi Landrova ilikuwa mlangoni, imeoshwa, na riboni. Pijo lilikuwa nyuma yake. Baba alikuwa amelifunga maua ya karatasi kwenye boneti, pale palipokwaruzika zaidi. Alikuwa amevaa suti yake moja na funguo za gari mkononi. Mjomba alitazama Pijo, akatazama chini. Hata wale waliokuwa wakiuliza habari za mtoto kutambaa walikuwa wanatazama riboni za Landrova.

Nilishika njia ya kwenda kwenye Pijo. Shangazi alinivuta gauni, nikamtoa mkono. Baba ndiye aliyenizuia. Akatembea mwenyewe mpaka kwenye Landrova, akafungua mlango.

"Panda hii, mama."

"Baba, mimi napanda gari lako."

"Wewe ni mtu wao sasa. Usianze kwa kunigombania." Akanishika mkono kama ananisaidia kupanda, lakini alikuwa ananisukuma. "Mimi nakuja hapo nyuma."

Nilipanda. Vigelegele vikapigwa na mimi nimeuma meno. Wasimamizi wakajipanga kulia na kushoto wakaniweka shela sawa. Dereva akawasha, tukatoka, na kwa nyuma nikasikia injini ya Pijo nayo ikiitika, mara ya kwanza, safi, bila kukohoa. Ile injini ya kwenye gunia. Nilitaka kumwambia mtu lakini pale hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Tulipoacha nyumba za mjini dereva akaongeza mwendo, akasema vumbi lisije likaharibu gauni. Nikageuka kutazama nyuma. Nilimwambia apunguze, baba yangu yuko nyuma kwenye vumbi hili na macho yake si mazuri. Akacheka, akasema bibi harusi hapunguzi mwendo njiani, ni mkosi, nyie wanawake mna woga. Nikamwambia tena. Msimamizi wangu akaniomba nitazame mbele, ninaharibu shela.

Sikutazama mbele. Nilitafuta bluu, nilitafuta hata maua ya karatasi. Kioo cha nyuma kilikuwa na vumbi tu, jekundu, limesimama kutoka barabarani mpaka juu ya miti, na lilikuwa vumbi letu.