Zamu ya Mzee Kung

Nyumbani kwa Siok-hun, kule Pingtung kwenye mabwawa ya bata, mdahalo wa wagombea haukuwa jambo la kutazama. Ulikuwa jambo la kupigana. Yeye alikuwa wa chama cha kijani tangu tumboni mwa mama yake. Mumewe, Mzee Kung, askari mstaafu aliyeletwa kisiwani na meli kutoka Shandong, kule bara, akiwa hajaota ndevu, alikuwa wa buluu. Ungemkata mguu ingetoka damu ya buluu. Walilala kitanda kimoja miaka arobaini, kura ya mmoja ikiiua ya mwenzake.

Siku ya mdahalo televisheni ilikaa katikati, mke huku, mume kule, na jirani yao Ah-khim kwenye kigoda, ndiye msimamizi. Wale wa studio walikuwa na kengele: mlio mmoja, imebaki dakika, miwili, funga mdomo. Hapa kengele hakuna. Mzee Kung akachukua bakuli la wali na kijiti cha kulia, akamkabidhi Ah-khim. Ah-khim akaruka kama aliyepewa nyoka. Nani asiyejua kwamba kugonga bakuli ni kuwaita wafu waje kula?

"Waache waje," mzee akasema. "Wana kitambulisho cha kupigia kura?"

Basi likagongwa. Na wagombea nao walibishana kwa ile adabu yao ya kinafiki: huyu anaulizwa habari za umeme, anajibu jinsi mama yake alivyouza mboga, yule anainua ubao wenye mistari inayopanda, ambayo hata aliyeichora haielewi. Kung alikuwa na mtindo huohuo. Ukimuuliza pensheni, anakujibu vita. Na sauti yake! Bata walitaga kabla ya wakati wao, na kuna mwaka mgombea wa kijani alinyamaza ghafla katikati ya sentensi akatazama kando, na Siok-hun anaapa mpaka kesho kwamba alimsikia Kung.

"Jibu ulichoulizwa, Mzee wa Shandong."

"Nimejibu. Wewe ndiye hujui kuuliza, Mama Bata."

Mwaka mmoja Siok-hun alishikwa na mafua, akajilaza kwenye kochi hana neno, mzee akabaki anashinda peke yake. Hakufika hata nusu. Alizima televisheni akaenda kumpikia uji wa tangawizi, amenuna kabisa. Hawezi kumshinda mtu aliyelala, alisema; hata jeshini hawakufanya ushenzi huo.

Mwaka mwingine walipatana wasiende kabisa, maana kura zao zinauana bure. Wakapeana mikono. Asubuhi mzee akaaga anakwenda kununua maziwa ya soya, mke akaaga anakwenda kulisha bata. Wakakutana kwenye foleni ya kura, mmoja na jagi tupu, mwingine na beseni la pumba. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Foleni ilicheka mpaka karani akatoka nje kuuliza kuna nini.

Mzee Kung alifariki wakati wa mavuno. Siku zake za mwisho, mwepesi kama unyoya, alimvuta mkewe mkono. "Mama Bata, sasa kura yako haina wa kuiua. Ukipiga peke yako, huo ni wizi."

Akacheka, akakohoa. Siok-hun naye akacheka. Lakini kicheko kilipokwisha neno lilibaki kooni kama mwiba wa samaki, na uchaguzi ulipokaribia likaanza kuchoma. Apige, amwibie marehemu? Abaki nyumbani? Au ampe yule wa buluu, mara hii tu, kama sadaka?

Siku ya mdahalo Ah-khim alikuja na kengele ya baiskeli. Nyumbani mwa marehemu hamgongwi bakuli, alisema. Wakatazama. Yule wa kijani akasema weee, hakuna wa kumpinga. Mambo yakawa kama supu isiyo na chumvi. Yule wa buluu alipoanza kujikanyaga kwenye pensheni, Siok-hun hakustahimili. Alisimama akamjibia, kwa maneno ya Kung, kwa lafudhi ya Kung, mpaka na kidole cha Kung hewani.

Ah-khim alisahau kengele mkononi. "Dada, umehamia buluu?"

"Sijahamia. Namshikia zamu."

Kisha akaigeukia picha ya mzee juu ya meza ya uvumba. "Na wewe sema basi. Nimpigie mtu wako, nisimpigie?" Picha ikamtazama vilevile, nyusi juu. "Unaona? Mpaka leo hajibu alichoulizwa."

Akacheka peke yake, na ndani ya kicheko hicho ikamjia harufu ya uji wa tangawizi. Mtu aliyekataa kumshinda mgonjwa, apokee kura ya kuhurumiwa? Angenuna huko aliko mpaka wafu wenzake wahame.

Siku ya kura alikwenda na jagi mkono huu, beseni mkono ule, akapiga ya kijani. Kwenye foleni, wazee walioukumbuka mwaka ule waliacha nafasi ya mtu mmoja nyuma yake, na hakuna aliyeiziba.

Aliporudi alimimina maziwa ya soya, akayaweka mbele ya picha.

"Nimekuibia. Njoo ubishe."

Akachukua lile bakuli la zamani na kijiti, akaligonga mara moja tu, ule mlio wa kumwambia mtu kwamba bado ana dakika.